Meno ya Watu Wawili

9 Januari

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, na najua utauliza kama nimekula. Nimekula. Kikohozi cha mwezi uliopita kimeondoka bila kuaga. Chumba nilichopanga sasa kina dirisha linalofunguka, ila likishafunguka halifungiki, kwa hiyo nalala na soksi. Habari za kuoa usiniulize. Mke ninaye, ndiye huyu ninayemwandikia.

Mdogo wako, Bibi Mdogo wangu, hajambo? Cherehani yake bado inamtii?

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Dereva wa basi mwenye ndevu atakuletea chupa tatu. Usizinywe! Ni maji ya kulowekea meno ya bandia. Mkubwa wetu wa karakana ameyapika kwa majani ya mwarobaini, karafuu na mchaichai, akayachuja, akayapeleka maabara ya hospitali. Wameyajaribu kwa fangasi wa kinywani, wakaona yanawazuia wasiote. Sasa tunataka kujua kwa watu wenyewe wanaovaa meno, siyo kwenye vibakuli vya maabara. Nimekuandikisha wewe, maana wewe ni meno yangu ya kwanza niliyotengeneza mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na wewe huniogopi.

Fanya hivi. Jioni ukishakula, vua meno, yasugue kwa mswaki laini na sabuni, kisha yaloweke kwenye glasi ya maji haya mpaka asubuhi. Maji ya moto usitumie, ile plastiki hupinda. Usilale nayo mdomoni hata kidogo. Fangasi hupenda mahali penye giza, joto na unyevu, na chini ya meno yasiyovuliwa ni nyumba aliyojengewa bure, bila kodi. Kila jioni maji mapya. Chupa tatu ni za mwezi mmoja, zikikaribia kwisha niambie.

Yakikuchoma au yakikuwasha, sema. Hatutaki sifa, tunataka ukweli.

Msalimie Bibi Mdogo.

Mjukuu wako,
Bobini


11 Februari

Mume wangu Bobini,

Barua yako imefika na stempu imebandikwa upande upande kama mlevi. Mimi nimekaa dirisha la posta ujana wangu wote, nimegonga mihuri mpaka bega likashuka, halafu mjukuu wangu mwenyewe hajui kubandika stempu. Lakini nimekusamehe, marahaba.

Hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, sasa linavuja mahali pengine, nadhani tulilihamisha tu lile tundu. Muuza mkaa jirani yetu amepata mapacha, na wote wamefanana na yeye, maskini.

Meno yako ni dhahabu. Juzi nimetafuna mahindi ya kuchoma pale barazani, taratibu, ili wapita njia waone. Yule mama muuza vitambaa akaniuliza nimefanyaje nikarudi ujana. Nikamwambia nina mume fundi.

Maji yako yananukia hata naona uchungu kuyamwaga. Nayatumia kila siku kama ulivyoagiza. Waandikie wakubwa zako kwamba bibi hajachomwa wala hajawashwa, na meno yanang'aa. Usihangaike kuleta mengine, kuna chupa mbili hata hazijafunguliwa.

Bibi Mdogo anakusalimu. Ana vidonda vidogo mdomoni, anasema ni joto. Si kitu.

Funga hilo dirisha.

Bibi yako


26 Februari

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Dirisha nimelifunga kwa kamba ya viatu. Kazi ni nyingi, tuna vinywa vya plasta, nakala za vinywa vya wateja, vimepangwa kwenye rafu kama watu wanaosubiri kuitwa. Nimepandishwa kidogo, sasa ndiye ninayekagua seti za wenzangu kabla hazijatoka. Furahi, lakini usitangaze barazani.

Nimewasomea wenzangu barua yako, wakacheka habari za mahindi. Mkubwa amekuandika kwenye orodha ya waliofanikiwa. Watu wengi tuliowapa maji wanaendelea vizuri, wachache tu wamelalamikia harufu ya karafuu.

Ila kuna kitu hakiniingii akilini. Ukibadilisha maji kila jioni, chupa tatu zilitakiwa ziwe zimekwisha. Wewe una mbili ambazo hujazifungua. Au unapunguza kipimo ili yadumu? Najua tabia yako, sabuni ya kipande nayo uliigawa vipande vinne. Usipunguze, Bibi.

Na vidonda vya Bibi Mdogo ni vya namna gani? Yeye hana meno, hana kitu cha kumkwaruza. Mwenye sukari kama yeye hatakiwi kukaa na vidonda. Mtu ampeleke kwa daktari.

Naomba unitumie meno yako kwa dereva, wiki moja tu. Nataka kuyatazama na kupitisha pamba tuone kama yameshika kitu. Yaweke kwenye kopo lenye kitambaa kibichi, yasikauke.

Bobini


30 Machi

Mume wangu,

Usinune kwa kuchelewa kwangu. Kwanza dereva alikuwa mgonjwa, halafu mimi nilikuwa na kazi, halafu mvua. Ukitaka sababu nyingine nitafute, ninazo.

Mapacha wa muuza mkaa wameanza kutabasamu. Kila anayepita anatabasamu, mimi tu ndiye ninayekaa na mkono mdomoni kwa sababu nakutumia meno. Yapo kwenye kopo la kahawa, nimeyafunga kwa kitambaa cha kijani.

Usiyakague sana. Mtu akitafutwa kasoro hakosi kupatikana nayo. Yana mikwaruzo kidogo, ni mkono wangu mzito kwenye mswaki. Yarudishe upesi maana tunayasubiri.

Bibi Mdogo anakusalimu. Amepungua kidogo, lakini ni mfungo wake tu wa kukataa chakula, unamjua.

Bibi yako


6 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Leo salamu zitakuwa fupi.

Nimefungua kopo mezani kwangu, taa ikiwa imewashwa, na nimeyatazama meno kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Upande wa ndani, ule unaogusa ufizi, niliusugua kwa msasa laini na nikaung'arisha mpaka ukawa kama kioo. Najua, maana niliona uso wangu mle. Sasa umesagwa. Kuna mistari mingi, yote inaelekea upande mmoja, ya tupa ya kucha. Kwenye mistari hiyo kuna utando mweupe. Tumepitisha pamba, maabara wamejibu: fangasi wamejaa.

Mswaki hauchongi hivyo, Bibi. Mtu ameyapunguza meno yangu ili yaingie kwenye kinywa ambacho sikukipima.

Kuna na jino moja la mbele, lile la kushoto. Lina kijipengo chembamba kwenye ncha yake. Nimekiona nikajua papo hapo, nikainuka kwenye kiti nikaenda kusimama mlangoni. Nimekulia chini ya meza ya cherehani. Nimeokota bobini za uzi mpaka nikapewa jina hilo. Mtu pekee ninayemjua anayekata uzi kwa jino la mbele la kushoto, akivuta kichwa nyuma namna ile, si wewe. Wewe hata kifungo hujawahi kushona.

Niambie. Sitakasirika. Au nitakasirika, lakini niambie.

Meno nimeyaweka hapa. Hayarudi hivi yalivyo.

Bobini


15 Aprili

Mwanangu,

Leo sikuiti mume, mzaha hauji.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, jikoni, mlango umefungwa. Mdogo wangu alikuwa chumbani kwake akaniuliza, "Bobini anasemaje?" Nikamwambia anasema dirisha limefungika. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimefika mwisho wake.

Ni kweli. Meno tunavaa wote wawili.

Ulipoyaleta mwaka jana, tulikaa mezani siku ile ile na nyama. Unakumbuka ulivyonipigia makofi? Ulipoondoka tukabaki sisi. Mimi natafuna, yeye anaponda ndizi kwa uma. Angesema ningejibu. Alikuwa ananitazama mdomo tu, kisha anatazama sahani. Bobini, nimeishi na mdogo wangu tangu mama yetu anatubeba mmoja mgongoni mmoja mkononi, na sikuwahi kuona haya kula mbele yake mpaka nilipopata meno.

Halafu akatakiwa picha ya kitambulisho. Akaniomba ayajaribu, kwa picha tu. Yalimbana, lakini yaliingia, taya letu ni moja. Mpiga picha akamwambia, "Cheka kidogo, mama." Alirudi nyumbani nayo mdomoni, akasimama mlangoni, nikamwona mama yetu. Wewe ungethubutu kumwambia vua? Mimi sikuthubutu. Nilijipikia uji siku ile nikanywa.

Basi ikawa desturi ya nyumba. Nakula mimi kwanza, nayasuuza bombani, nampa, anakula yeye. Mchana anakaa nayo kwenye cherehani, maana wateja walianza kumsifu na kazi ikaongezeka. Jioni nayachukua tena nile, kisha namrudishia, analala nayo. Anasema akiamka nayo na kujigusa uso anajikuta yupo mzima. Yalikuwa yanambana pembeni, ndiyo nikayachonga. Ni mimi, si yeye. Nilichonga kwa tupa ya kucha huku nasema nampenda.

Hayo maji yako ya majani yangelowekwa saa ngapi? Meno hayajawahi kulala. Nilikuwa nayatumbukiza kwenye glasi, nahesabu mpaka kumi, nayatoa, ili nikikuandikia nayatumia kila siku usiwe uongo mtupu. Huo ndio ukweli wa mwanamke mzima aliyekuwa akiaminiwa kwa barua za watu.

Sasa sikiliza lililobaki. Mdomo wake ni mweupe ndani, juu na kwenye ulimi. Nikijaribu kuufuta unatoka damu. Chakula hakiendi, hata uji anameza akiwa amefumba ngumi. Nguo zake amezipunguza kwa cherehani mara mbili ili nisione. Kwa daktari hataki, kwa sababu daktari atauliza vidonda vimetoka wapi, na yeye atalazimika kusema, na wewe utajua kwamba nilikudanganya. Anaungua ili mimi nisiaibike mbele yako. Nami nimemwacha aungue. Mimi nilipata vidonda viwili vikapona, kwa sababu mimi sina sukari.

Roho inanisuta hata sijui nikae wapi. Niambie nifanye nini, nami nitafanya hata iwe nini.

Bibi yako


19 Aprili

Bibi,

Nampa dereva barua hii mkononi. Ukiisoma, usimalize chai. Mpeleke zahanati leo. Mwambie daktari ana sukari, na mwambie meno yalikuwa ya kuazima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuliwa na kifo cha Bibi Mdogo. Maji ya mwarobaini usimpe asukutue, yale ni ya kuzuia fangasi kwenye meno, siyo ya kutibu mdomo uliokwisha kuugua. Anahitaji dawa ya daktari.

Nimeomba ruhusa. Nakuja Jumamosi.

Bobini


12 Mei

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Nilirudi huku kazini salama. Kiti cha basi kilikuwa kimevunjika mgongo, nami nusura nivunjike pamoja nacho.

Nimekaa siku kadhaa bila kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, kwanza na wewe, kisha hasira ikageuka ikanitazama mimi. Wacha niseme.

Unajua mimi hukaa na vinywa vya plasta. Vyeupe, vikavu, vimeandikwa namba chini. Ukiondoa wewe, sijawahi kumwona mwenye kinywa. Wananiletea umbo, natengeneza, inachukuliwa. Pale zahanati kwenu Bibi Mdogo alikaa kitandani na kitambaa mdomoni, akakataa kukitoa mbele ya daktari mpaka mimi nilipopiga magoti nikamwambia, "Nionyeshe mimi." Akafungua. Sitaelezea nilichoona. Nilifikiri namjua mtu kwa sababu alinilea. Alipofungua mdomo ndipo nikajua kwamba tangu niondoke nyumbani sijawahi kumuuliza jambo moja kwa moja, nikasubiri jibu lake.

Karakana yetu inaruhusu kila fundi seti moja ya ndugu kwa mwaka, kwa vifaa vya kazini. Mwaka jana nilipoulizwa nani, nilikutaja wewe bila hata kuvuta pumzi. Na nimejiuliza kwa nini, maana meno ya Bibi Mdogo yaling'oka kabla ya yako. Jibu ni dogo mpaka linatia aibu. Wewe huandika. Yeye hajui kuandika. Wewe ulikuwa barua nzima, yeye alikuwa mstari wa mwisho: "Bibi Mdogo anakusalimu." Nami nilikuwa namjibu kwa mstari wa mwisho. Mtu aliyenifungia kitovu, aliyenifundisha kutembea kwa kunishika na tepu ya kupimia kiunoni, nimemfanya salamu.

Kwa hiyo usiubebe mzigo wote peke yako, Bibi. Meno uliyachonga wewe. Lakini mimi ndiye niliyeweka meno ya mtu mmoja kwenye nyumba ya watu wawili, nikapiga makofi, nikapanda basi.

Mkubwa nimemwambia kila kitu. Nilidhani atanifokea kwa kuharibu hesabu zake. Alikutoa kwenye orodha, akachezea kalamu, kisha akasema, "Dawa haijashindwa. Sisi tumewauliza watu kama wanayatumia maji, hatukuwauliza kama meno yanapata kulala." Sasa swali hilo limeongezwa. Ni lako, ingawa jina lako halipo.

Meno yako yamo ndani ya kopo. Nimeufanya upya ule upande wa ndani. Lile jino lenye kipengo nimelibadilisha, la zamani nimebaki nalo. Yavae wewe tu, yaloweke usiku kucha. Bibi Mdogo tutampima ufizi ukishapona kabisa, kabla ya hapo nitakuwa napima vidonda. Hapo katikati atakaa bila kitu. Najua ni vigumu. Msimamie anywe dawa.

Bobini


14 Juni

Mume wangu,

Nimerudi kukuita hivyo, ukikataa nipe talaka.

Mdogo wangu anapona. Zile dawa za kumung'unya anazilalamikia kwamba ni chungu, na anayelalamika si mgonjwa tena. Weupe umebaki kidogo pembeni mwa ulimi. Sukari imeshuka. Daktari ni kijana, anamwita "mama mdogo", na mdogo wangu amemshonea kola bila kuombwa.

Meno yako yamefika na yako kwenye glasi, ndani ya maji ya majani, tangu siku hiyo. Sijayavaa. Usianze. Nilimwambia tutakula uji wote mpaka siku yake. Akanijibu kwamba nimekuwa mtoto. Sasa yuko hapa anasema niandike maneno yake, na mimi nimekula kiapo kutoongeza wala kupunguza.

Anasema: Bobini, mimi sijambo.

Anasema: Dada anajilaumu kwa sauti tangu asubuhi mpaka jioni, umwambie aache, sauti inanisumbua nikishona.

Anasema: Meno niliyaomba mimi. Hakunilazimisha mtu. Nilijua yananiumiza na nikayavaa, kwa sababu wateja walianza kuniangalia usoni nikizungumza nao, zamani walikuwa wanaangalia kitambaa. (Hilo sikulijua, Bobini. Naandika huku nalijua kwa mara ya kwanza.)

Anasema: Usije na maneno mengi ya msamaha. Njoo na ile plasta yako, na safari hii ukae siku mbili, siku moja ya mdomo na siku moja ya mimi.

Anasema nisome alichosema. Nimemsomea. Anasema hapo kwenye mabano nimeongeza. Ni kweli nimeongeza.

Bibi yako, na Bibi yako


2 Julai

Bibi zangu wawili,

Shikamooni. Safari hii naandika kwenu nyote, na wewe unayejua kusoma usome kwa sauti, bila kuruka.

Bibi Mdogo, nitakuja mwisho wa wiki ijayo, nitakaa siku mbili kama ulivyoamuru. Daktari kijana amekubali tutumie chumba chake. Nitaweka plasta laini kwenye kisahani, utaing'ata, itakuwa baridi na utataka kutapika, ndivyo ilivyo, pumua kwa pua. Nieleze unataka meno ya rangi gani na yapangweje. Usiseme "yoyote". Kila anayesema yoyote hurudi kulalamika.

Seti yangu ya mwaka huu nimeshaiandikisha. Safari hii nilipoulizwa nani, nilivuta pumzi kwanza.

Bibi, vaa meno yako. Ukikaa bila kuyavaa ufizi unabadilika, nitalazimika kuanza upya. Unajiadhibu, na adhabu yenyewe inaniongezea mimi kazi.

Bobini


24 Agosti

Mume wetu Bobini,

Salamu kutoka kwangu, na kutoka kwake peke yake, ameziweka mbali zisichanganyike na zangu: anasema meno yamekaa, anasema asante, anasema lile la mbele ulilipanga upande kidogo kama lake la ujanani, na alijua umekumbuka.

Nimeyavaa yangu pia, usiulize tena. Kila jioni tunayasugua pamoja bombani, tunasukumana kama wasichana, kisha kila mmoja glasi yake. Hatulali nayo. Yeye siku za kwanza alikuwa akiamka na kujipapasa uso, sasa ameacha. Daktari ametazama mdomo wake, ni mwekundu na safi. Waambie wakubwa zako. Huu ni ukweli kamili, waje wenyewe wakague, nitawapikia.

Lakini kuna jambo nimekaa nalo, na wewe ndiye ninayekuambia mambo.

Meno yake yalipofika nilifurahi nikasema sasa tumepona. Nikapakua chakula, sahani mbili. Nikaanza kula. Yeye akakaa, mikono mapajani. Nikamwambia kula, akasema bado. Nilipomaliza, nikainuka kupeleka sahani, ndipo akachukua kijiko. Nikadhani ni bahati mbaya. Kesho yake vile vile. Wiki nzima. Ana meno yake mdomoni, Bobini, na bado ananingoja nimalize ndipo ale. Nikamuuliza, akashangaa. Hakuwa anajua kama anafanya hivyo. Akacheka, akasema, "Mazoea, dada," na kesho yake akaningoja tena.

Sikuweza kuvumilia. Unaweza kuchonga meno ya mtu kwa tupa ukajua umemwumiza wapi. Hili sijui nililichonga siku gani.

Jumapili nimepakua nyama, nikakaa na mimi, mikono mapajani. Akasema, "Kula, dada." Nikasema, "Anza wewe." Akasema, "Wewe ndiye mkubwa." Nikasema, "Ndiyo maana nakuamuru." Tukatazamana kama majogoo. Mwishowe akachukua kipande, akakitia mdomoni, akatafuna.

Hutafuna akiwa amefumba macho. Sikuwa najua. Nilipokuwa nikimpa meno nilikuwa natoka jikoni kwa haya, nisimwone akila, nikijidai nina nguo za kuanua. Alikula pole pole, nyama yote, na mchuzi akaufuta kwa mkate. Alipofungua macho akanikuta palepale.

"Mbona huli?" akaniuliza.

"Nilikuwa nakungoja."

"Chakula chako kimepoa."

Nikala. Kilikuwa kimepoa kweli, mafuta yameganda pembeni mwa sahani. Hivyo ndivyo alivyokuwa akila yeye tangu mwaka jana.

Bibi yako